Kupata choo bila kujikamua ukiwa umetoka kukata tumbo

Kama unasoma hii ukiwa umekaa chooni na simu mkononi, acha kusukuma kwanza. Nyanyuka taratibu, shika ukuta, rudi kitandani ulale umekunja magoti, alafu anzia hatua ya tano, hizi za juu utazisoma baadae. Hicho choo hakikimbii.

Haya, kwa wengine wote ambao bado mnajiandaa au mna siku mbili tatu toka mtoke chumba cha operesheni. Mi nilikata tumbo, ile wengi mnaiita tami taki, baada ya watoto wawili ambao wote nilijifungua kwa operesheni, ngozi ilikuwa inaning'inia juu ya kovu na misuli ya katikati imeachana kiasi kwamba nikijiinua kitandani tumbo linachomoza katikati kama paa la nyumba. Nilijiandaa bwana, asikwambie mtu. Mikanda ya kubana miwili, madera ya kufungua mbele, mito mitano, mama katoka Tanga kuja kuniuguza, hela ya kikoba yote imeishia huko, na mawifi niliwaambia nafanyiwa ngiri. Kitu ambacho sikukiandaa ni choo. Karatasi ya ruhusa niliyopewa hospitali ilikuwa na tramadoli, antibayotiki, vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi, basi. Choo hakikutajwa kabisa na mi nikajua kumbe si ishu.

Siku ya tano usiku nilikaa chooni dakika 40. Najikaza, nashika sinki, jasho linatiririka, naona nyota, na katikati ya kujikaza nikasikia kitu kama kinavutika upande wa kulia chini ya kitovu. Kesho yake upande ule ulikuwa umevimba kuliko mwingine. Kurudi hospitali, kupigwa altrasaundi, kumbe damu kidogo imejikusanya chini ya ngozi, dokta akaivuta kwa sindano, akasema bahati yako mshono wa ndani umeshika. Bahati. Mi sitaki wewe utegemee bahati ndo maana naandika.

Kwanza uelewe kwa nini kusukuma ni hatari kuliko choo chenyewe. Kwenye hii operesheni mara nyingi dokta hakati ngozi tu. Anavuta ile misuli miwili iliyoachana anaishona pamoja katikati, kutoka chembe cha moyo mpaka karibu na kinena, na huo uzi ndo unashikilia umbo lote jipya. Sasa wewe ukijikamua unabana pumzi, msuli wa chini ya mapafu unashuka, tumbo linakaza, presha yote ya ndani inatafuta pa kutokea na ukuta wa mbele ndo huo ulioshonwa juzi. Nyama za ndani zinahitaji wiki 6 mpaka 8 ndo ziwe na nguvu ya maana. Alafu kujikamua kunapandisha presha kwenye mishipa ya damu, kimshipa kilichokuwa kimeziba kinafunguka, yakanikuta mimi. Bawasiri na mpasuko wa njia ya haja sijazitaja bado. Lakini pia usiishi kwa hofu, kukohoa mara moja au kupiga chafya hakufumui mshono, uzi unashonwa kwa nguvu. Tatizo ni kujikaza muda mrefu, mara nyingi, siku baada ya siku. Na dokta wako akikwambia tofauti na mimi msikilize yeye, yeye ndo anajua ameshona nini humo ndani.

Hatua ya kwanza: anza wiki moja kabla

Ukiingia kwenye operesheni tayari una siku tatu hujaenda, umeanza mechi umefungwa mbili bila. Wiki ya mwisho kula papai kila asubuhi, mboga za majani, kunywa maji vizuri, na kama we ni mtu wa choo kigumu toka zamani mwambie dokta wakati wa kupimwa, usione aibu, mweleze kabisa kwamba mimi naenda mara mbili kwa wiki na nina bawasiri. Akuandikie dawa ya kulainisha choo ukae nayo ndani kabla, maana siku ya nne usiku hakuna wa kumtuma famasi. Na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni ziache na umwambie dokta kama umekuwa unakunywa, nyingi zina majani ya sena, unakuta utumbo umeshazoea kusukumwa na chai, ukiacha ghafla unagoma.

Lingine la kuandaa ni choo chenyewe. Kama choo chako ni cha kukaa, tafuta kigoda cha sentimita 15 mpaka 20 hivi cha kuwekea miguu, hata ndoo ndogo ngumu iliyogeuzwa inafaa, ila sio mbuzi ya kukunia nazi jamani, mama alitaka kunipa hiyo. Kama ni cha kuchuchumaa kama cha kwangu, hapo ndo pana kazi, kwa sababu wiki za kwanza kuchuchumaa hutaweza na hata ukishuka, kunyanyuka utatumia tumbo. Maduka ya vifaa vya hospitali wanauza viti vya choo vya wagonjwa. Mi nilichukua kiti cha plastiki cha kawaida, kile kizito chenye mikono, fundi akakitoboa shimo katikati akalainisha kingo kwa msasa, nikakiweka juu ya tundu la choo. Kikalie ukiwa mzima kabla ya operesheni ujue kama kinabeba, vile vyepesi vinapasuka miguu na wewe kuanguka ndo kitu cha mwisho unachokitaka.

Hatua ya pili: ujue ni nini kinakufunga choo

Watu wanadhani ni kwa sababu hujala. Hiyo ipo, lakini mkubwa wao ni dawa za maumivu. Tramadoli, kodini, mofini, pethidini, zote za ukoo mmoja, zinatuliza maumivu na zinalaza utumbo usingizi, chakula kinakaa humo kinanyonywa maji mpaka kinakuwa kokoto. Ongeza nusu kaputi yenyewe, ongeza dawa ya kuzuia kutapika ya ondansetroni, ongeza vidonge vya kuongeza damu, ongeza kulala siku nzima, na uoga wa kwenda kwa sababu unajua itauma. Vyote hivyo kwa pamoja, wengi wanapata choo cha kwanza kati ya siku ya tatu na ya tano, kwa hiyo siku ya pili usianze kulia.

Kosa ambalo nimeona wengine wanafanya ni kusikia hivyo wakaacha dawa za maumivu zote. Hapana. Ukiwa na maumivu makali hutatembea, hutapumua vizuri, ukifika chooni utabana kila kitu. Cha kufanya ni kumuuliza dokta kama parasetamoli inaweza kubeba mzigo mkubwa, yaani unameza kwa ratiba, isizidi gramu 4 kwa siku ambazo ni vidonge 8 vya miligramu 500, alafu tramadoli inabaki ya pale inapozidi, usiku tu labda. Angalia pia usije ukawa unameza parasetamoli mara mbili bila kujua, kuna vidonge vya mchanganyiko vinakuwa nayo ndani. Diklofenaki na ibuprofeni hazifungi choo hivyo lakini usijipe mwenyewe, zina mambo yake na vidonda vya tumbo, figo, pumu na kutoka damu, huyo ni dokta aamue. Na vidonge vya damu uliza kama vinaweza kusubiri mpaka choo kitulie, mi niliambiwa nivirudie wiki ya tatu. Ukivimeza choo kinakuwa cheusi au kijani kizito, hiyo ni kawaida yake, ila cheusi kinachonata kama lami na kina harufu kali ya ajabu ni kingine, hicho ni hospitali.

Hatua ya tatu: maji, alafu ndo chakula

Maji kwanza. Lita 2 mpaka 2 na nusu kwa siku, kidogo kidogo, chupa iwe kichwani kwa kitanda usiombe mtu, isipokuwa kama una tatizo la moyo au figo na umeambiwa upunguze. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi hujanywa. Kuna wanaojinyima maji ili wasinyanyuke kwenda kukojoa, nawaelewa kabisa kwa sababu kila kunyanyuka ni shughuli, lakini unalipa siku ya nne.

Chakula sasa. Mama yangu Mungu ampe maisha marefu, siku tatu nzima alinilisha supu ya kongoro na mkate mweupe, kwa sababu mtu aliyepasuliwa anatakiwa arudishe nguvu. Nguvu zilirudi. Choo hakikuja. Kwenye ile supu hakuna nyuzinyuzi hata moja, na utumbo uliolala unahitaji kitu cha kushika. Supu kunywa, ni maji na chumvi na protini ya kidonda, ila pembeni weka papai lililoiva asubuhi kabla ya kitu kingine, tende tano sita au zile plamu kavu za supamaketi, chungwa ukalila na nyama zake sio juisi, juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, mchicha, matembele, bamia, parachichi, uji wa ulezi au wa dona. Ugali ukila uwe wa dona, sembe nyeupe iache ipumzike. Rudisha nyuzinyuzi taratibu, leo kidogo kesho zaidi, ukishindilia sahani nzima ya mboga siku ya pili utajaa gesi mpaka ulie.

Kuhusu gesi, maharage, kabichi na soda vikae pembeni wiki ya kwanza. Tumbo likijaa gesi ukiwa umebanwa na mkanda unahisi kama unapasuka, na sio sumu wala nini, lakini maumivu hayo mi sikuyahitaji. Nyama choma, mayai mengi, chipsi na ndizi ambazo hazijaiva vizuri navyo subiri.

Hatua ya nne: tembea ukiwa umeinama kama bibi

Utumbo unaamshwa na miguu. Kama dokta hajakuzuia, siku hiyo hiyo jioni au asubuhi inayofuata unashushwa kitandani, na toka hapo kila baada ya saa moja mbili ukiwa macho tembea dakika tano, chumbani mpaka sebuleni na kurudi. Usinyooke, mgongo uwe umeinama na magoti yamekunjika kidogo, hapo ndo ngozi haivutiki. Dreni, ule mrija wa kutolea damu na maji kwenye kidonda, ibane kwa pini kwenye nguo isining'inie. Kutembea huku pia kunazuia damu isigande miguuni, na hiyo ni hatari kubwa kuliko choo, kwa hiyo hata usiku ukiamka kwenda kukojoa ihesabu kuwa ni zoezi. Ukiwa umelala pampu vifundo vya miguu, juu chini juu chini.

Wale mnaopanda ndege kurudi nyumbani kutoka Istanbul au India, zile saa zote angani mnakaa tu, hewa kavu, na mtu anabana haja kwa sababu choo cha ndege ni kidogo na ana mkanda. Usibane. Omba kiti cha pembeni mwa njia, kunywa maji, nyanyuka, na dawa ya kulainisha choo iwe kwenye mkoba wa mkononi sio kwenye begi la chini.

Hatua ya tano: namna ya kukaa na kutoa

Hii ndo hatua yenyewe, soma mara mbili.

Chagua muda. Utumbo mkubwa unajikunja zaidi baada ya kula, hasa asubuhi. Kunywa kikombe cha kitu cha moto, kula kifungua kinywa, tembea kidogo, alafu dakika 15 mpaka 30 baada ya hapo nenda kakae hata kama hujasikia kitu. Na ukisikia haja yenyewe imekuja muda wowote, nenda, hata kama wageni wapo sebuleni. Ukiibana inarudi ndani na inazidi kukauka.

Shuka kwenye kiti kwa kutumia mapaja na mikono, sio tumbo, mwambie mtu akushike kwapani siku za mwanzo. Mlango usifunge komeo. Miguu juu ya kigoda, magoti yawe juu kuliko nyonga, egemea mbele kidogo, viwiko juu ya mapaja, na mto mdogo umeukumbatia tumboni. Mkao huu unafanana na kuchuchumaa bila kuchuchumaa, ule msuli unaoshika njia ya haja kama kamba unalegea na njia inanyooka, mzigo unashuka wenyewe. Mkanda kama dokta amekuruhusu kuulegeza, ulegeze ukiwa tayari umekaa, kamwe usiufungue ukiwa umesimama peke yako kwa sababu mara ya kwanza presha inashuka ghafla na watu huwa wanazimia.

Sasa pumua. Mdomo wazi, taya limelegea, vuta hewa taratibu mpaka chini, alafu itoe kama unapuliza chai ya moto, puuuu, ndefu, na katika ile kupuliza ndo uache choo kishuke. Kama unaweza kuongea maana yake hujabana pumzi, mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mama yupo nje ya mlango anaitikia nne. Ukijikuta umefunga mdomo na uso unapata joto, hapo umeanza kujikamua, acha.

Dakika 10 mwisho. Hakijatoka, nyanyuka, kanawe, kanywe maji, tembea, utarudi baada ya chakula kingine. Simu iache kitandani, simu ndo inayofanya mtu akae nusu saa.

Kutawaza nako kuna utaratibu wake na hakuna anayelisema. Kujipinda na kopo ukiwa na mshono kutoka nyonga mpaka nyonga haiwezekani. Tumia ile bomba ya pembeni kama ipo, au msaidizi amimine maji nyuma wewe ukiwa umeegemea mbele, safisha kutoka mbele kwenda nyuma, na bandeji iwe imekingwa kwa kanga kavu isirukiwe. Nilimwambia mama shikamoo nikiwa nimekaa hapo hapo siku ya tatu asubuhi, tulicheka mpaka ikabidi nishike mto. Aibu inaisha mapema ukiwa na kidonda.

Hatua ya sita: dawa, kwa mpangilio

Mpangilio ni muhimu kuliko dawa yenyewe. Kanuni niliyopewa baadae, nikiwa nimeshaumia, ni kwamba siku unayoanza tramadoli ndo siku unayoanza dawa ya choo. Sio ukisubiri uone.

Laktulosi ni ile ya maji, tamu kama sharubati. Mtu mzima kawaida anaanza na mililita 15 mara mbili kwa siku. Inavuta maji ndani ya utumbo, inalainisha, lakini inachukua siku moja mpaka mbili, wakati mwingine zaidi, ndo maana mimi niliyeianza siku ya tano jioni nikasema haifanyi kazi wakati nilichelewa mwenyewe. Inaleta gesi kidogo. Mwenye kisukari amwambie dokta kwanza maana ina sukari sukari ndani. Kuna pia ya unga wa kuchanganya na maji, makrogoli, inafanya kazi hiyo hiyo bila gesi nyingi, ila hiyo sio kila famasi inayo.

Tatizo ni kwamba kulainisha peke yake mara nyingi hakutoshi ukiwa kwenye tramadoli, kwa sababu choo kitakuwa laini ila utumbo bado umelala, unahitaji wa kuuamsha. Hapo ndo inaingia bisakodili au vidonge vya sena, na kama siku ya tatu imefika kimya, mpigie dokta au muulize mfamasia uongeze mojawapo. Bisakodili ni kidonge cha miligramu 5, kimoja au viwili wakati wa kulala, asubuhi, yaani baada ya kupita muda wa saa 6 mpaka 12, unasikia mwito. Usikitafune, na usikimeze na maziwa wala dawa ya kiungulia, ngozi yake inayeyuka mapema tumboni na utapata msokoto.

Kama asubuhi ya siku ya nne bado, na unahisi kabisa mzigo upo mlangoni ila hautoki, kuna dawa za kuweka nyuma, za gliserini au bisakodili. Lala ubavu wa kushoto magoti yamekunjwa, mtu akusaidie kwa glovu, iingie yote, tulia. Inachukua dakika 15 mpaka saa moja. Hii ndo ilinifungua mimi siku ya sita, dakika 25, na baada ya hapo nililala usingizi ambao sijawahi kuupata toka nizaliwe. Siku ya tano hakuna kitu, usiendelee na majaribio ya nyumbani, mpigie aliyekupasua. Kupigwa bomba la maji nyuma kunafanywa na nesi au dokta, sio dada wa jirani.

Kuna vitu vya kukataa hata kama vinaletwa kwa upendo. Mafuta ya mbarika, haya yanakamata tumbo kwa msokoto mkali na wewe una mshono. Chumvi ya haluli ya kukadiria kwa kijiko. Majani ya sena ya kuchemsha bila kipimo. Na unga wa isabgoli ambao watu wengi wanaupenda, wenyewe ni mzuri kwa siku za kawaida, ila ukiwa kwenye tramadoli na hunywi maji ya kutosha unavimba humo ndani unakuwa simenti.

Alafu kukandwa. Hili nilipambana nalo mpaka basi. Siku ya nne jioni mama kaingia na beseni la maji ya moto na taulo, mwanangu tumbo hilo limejaa upepo, acha nikukande kidogo litashuka. Nikamwambia mama, dokta amekataza. Akaniuliza, dokta huyo amezaa? Akasogeza taulo, likanigusa paja kwanza nikaruka. Pajani nilisikia moto. Tumboni nisingesikia kitu, kwa sababu ngozi ya tumbo baada ya hii operesheni inakuwa imekufa ganzi kwa wiki na miezi, ungenibabua mpaka malengelenge na mimi natabasamu. Chupa ya maji ya moto, taulo la moto, pedi ya umeme, hakuna. Kama mtu anataka kukanda akukande mgongo na miguu, na miguu nayo kwa maji ya vuguvugu, na asikusugue kwenye mashavu ya miguu. Mama ukimwelezea hivyo anaelewa, wangu alielewa, alinuna mpaka saa mbili usiku tu.

Hatua ya saba: hapa usisubiri asubuhi

Nenda hospitali kama unatapika na tumbo limevimba limekuwa gumu na hata upepo hautoki. Upepo ni ishara nzuri kuliko choo, ukijamba siku ya pili shangilia, usipojamba kabisa na unatapika, utumbo unaweza kuwa umesimama au umeziba, na hapo usimeze dawa yoyote ya kufungua choo. Nenda kama umesukuma alafu upande mmoja ukavimba ghafla, au dreni iliyokuwa imeanza kutoa maji mepesi ikajaa damu nyekundu, au ulisikia kitu kimeachia na tumbo limebadilika umbo. Homa ya nyuzi 38 kwenda juu, kidonda kinanuka au kinatoa usaha. Damu nyingi chooni, matone mawili kwenye maji ya kutawaza huenda ni mpasuko au bawasiri lakini mwambie dokta hata hivyo. Na shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au ukabanwa kifua, ukahema kwa shida, hiyo haihusiani na choo kabisa na ndo ya kukimbilia kuliko zote.

Kuna mtego mwingine, mtu ana siku sita hajapata choo alafu ghafla anaanza kuvujisha maji maji, anasema afadhali naharisha sasa, anaacha dawa. Mara nyingine yale maji yanapita pembeni ya bonge lililoganda. Usijiamulie, piga simu. Na kama kweli unaharisha maji mara tatu na zaidi kwa siku ukiwa kwenye antibayotiki, simamisha dawa za choo na umjulishe dokta.

Ukishafunguka usiache dawa siku hiyo hiyo kwa furaha. Endelea na laktulosi mpaka siku chache baada ya tramadoli kuisha, punguza taratibu, choo kikiwa kama tope shusha kipimo. Unachotafuta ni kilaini chenye umbo, kama soseji au kama nyoka. Kokoto kavu kama za mbuzi maana yake maji bado hayatoshi.

Mimi wiki ya pili nilikuwa naenda kila siku moja na nusu hivi, wiki ya tatu nikarudi kwenye kawaida yangu, kuchuchumaa dokta aliniruhusu wiki ya nane na hata hapo nilikuwa nashika ukuta. Kile kiti cha plastiki chenye shimo mama alikifunga kamba juu ya basi akaondoka nacho Tanga, anasema magoti yake yanamuuma muda mrefu tu ila alikuwa hajapata sababu ya kukiomba.